Mzee wa Sauti ya Pili

Mara ya kwanza nilipomsikia Mzee wa Saksafoni nilidhani amelewa. Ilikuwa harusi ya Wakenya katika ukumbi mmoja hapa Norsborg, kitongoji cha Stockholm, na mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji. Bwana harusi alikuwa ameomba wimbo wa zamani wa dansi, ule ambao kila mtu aliyelelewa na redio ya Afrika Mashariki anaujua hata kama hajui kuwa anaujua. Gitaa likaingia, besi ikaingia, nami nikamgeukia mzee aliyekaa kando na saksafoni yake, maana wimbo ule unaanzishwa na saksafoni. Akapuliza nota tatu. Akanyamaza. Nikasubiri. Akapuliza nne, akanyamaza tena, macho sakafuni kama mtu aliyedondosha kifungo. Wageni wakaanza kutazamana. Bibi harusi akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemnywesha.

Nikamwinamia mpiga gitaa wetu, Mkongo wa Bukavu ambaye hucheka kwanza ndipo ajibu swali. "Huyu mzee ana nini?"

"Hana kitu, mama. Anapiga ya pili. La deuxième. Wewe imba tu."

Nikaimba. Nini tena ningefanya? Watu wakacheza, kwa sababu harusini watu hucheza hata mlio wa jenereta. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, nikamwambia mume wangu kwamba safari ijayo yule mzee aje kula wali tu, saksafoni aiache kwake.

Sikujua lolote, ndiyo maana. Baadaye nilielezwa, na ikabidi nielezwe mara nyingi. Katika bendi za dansi za enzi zake, zile za Tanzania zilizojiita jazi, saksafoni zilikuwa mbili. Ya kwanza inabeba wimbo. Hiyo ndiyo unayoipiga mluzi ukiosha vyombo. Ya pili inakaa chini yake: inajibu, inashikilia, inaziba pale wa kwanza anapovuta pumzi. Mzee wetu alikuwa wa pili. Alikuwa wa pili tangu alipokabidhiwa chombo mpaka bendi yake ilipokuja Sweden kwa ziara, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Na hapa Stockholm, ambako wa kwanza hakuwepo, akaendelea kupiga ya pili. Peke yake. Miaka yote hiyo.

"Kwani huijui ya kwanza, Mzee?" nilimwuliza tulipozoeana.

"Naijua."

"Sasa si uipige?"

"Ina mwenyewe."

"Huyo mwenyewe yuko wapi?"

"Dodoma."

"Dodoma na Norsborg wapi na wapi! Atakusikia?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini kanisani hatuli. "Kiti cha mtu hakikaliwi, binti."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila anayeuliza, na kila mtu aliuliza.

Alikaa jengo la pili kutoka kwetu, ghorofa ya chini, kwa hiyo nilimjua pia kama jirani, si kama mwanamuziki tu. Sisi Wakenya wa bara hatuna mazoea makubwa ya shikamoo. Mimi ni wa Nakuru, kwetu unasema "habari" na maisha yanaendelea. Yeye hakunikemea. Alikuwa akinyamaza tu, ameshika mlango wa lifti ya kituo cha treni, mpaka nikajisikia vibaya mwenyewe nikasema, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu," akajibu, akauachia mlango. Nadhani nilichelewa kazini mara mbili tatu kabla sijashika adabu.

Kiswahili changu pia alikihurumia. "Nyinyi mnakiendesha kama gari la kuazima," alikuwa akisema, "hamjali mashimo." Nami nilimwambia kwamba cha kwao kinakwenda polepole mno, mtu anaweza kushuka, akanunua mkate, akapanda tena. Alilipenda hilo. Nilimsikia akimsimulia mtu mwingine kama maneno yake mwenyewe.

Watoto wangu, kama watoto wote wa hapa, ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu Kiswidi. Mimi hilo lilinikera, nikawa nagomba kila jioni. Mzee hakugomba. Angeketi jikoni kwangu na binti yangu, yeye akiuliza kwa Kiswahili, binti akijibu kwa Kiswidi, chai ikapoa, mazungumzo yakaenda bila mmoja kuvuka upande wa mwenzake. Nikamwambia, "Mzee, unamharibu huyu." Akasema, "Namharibu vipi? Mmoja anauliza hivi, mwingine anajibu vile. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Mambo yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, huwezi kumshinda na huwezi kukubaliana naye. Aliisema Sweden tangu asubuhi hadi jioni: baridi, viazi, majirani wasiosalimia, foleni za kimya. Lakini akitokea mgeni aliyefika juzi akaanza kuisema, Mzee anamkalia kikao. "Umeona nini wewe? Umekaa majira mangapi?" Alidai hajali mavazi, lakini hakuna siku nilimwona na kiatu kisichong'aa, hata kipindi cha theluji iliyochanganyika na mchanga. Alifanya kazi jikoni kwenye shule moja ya Vällingby mpaka alipostaafu, na bado alikuwa akiniambia mimi, mama wa watoto watatu, kwamba sijui kukata kitunguu.

Kwenye kazi ya muziki hakuwa na mzaha. Wa pili hachelewi, ndivyo alivyosema. Akichelewa, wa kwanza atamwuliza nani, ukuta? Alifika ukumbini kabla ya sisi wote, kabla ya maua, wakati mwingine kabla ya mwenye funguo. Hakula chochote mpaka amalize kupiga, halafu alikula kama anahama. Saksafoni aliifunga kwa kitenge, akaitia kwenye mkoba wa michezo wenye nembo iliyofutika. Na kile kipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni, yeye alikiita ulimi, alikuwa akikilowesha kinywani tangu anapopanda treni. Njia nzima ya treni ya mstari mwekundu, mzee mwenye koti na tai, kijiti kinachungulia mdomoni. Wakaguzi wa tiketi wakimsemesha anawaonyesha kadi na kutikisa kichwa. Siku moja mama mmoja wa Kiswidi alimpisha kiti kwa haraka, nadhani alidhani ni kipimajoto.

Wengi walimfuata awafundishe. Wakongo, Waganda, hata msichana mmoja aliyezaliwa hapa jirani, mji wa Södertälje, wazazi wake Warundi, mwenye pumzi kama mvukuto. Mzee alimkaribisha kila mtu, akachemsha chai, akauliza swali moja: "Unataka ipi?" Kila mtu alitaka ya kwanza. "Basi kasikilize kwenye rekodi," alikuwa akisema, "ile haihitaji mwalimu." Wakaondoka. Msichana wa Södertälje alivumilia kuliko wote, lakini mwishowe naye akasema kwamba akipiga ya pili nyumbani mama yake anafunga mlango. Mimi mwenyewe nilijaribu kuiimba, maana nina sauti na nina masikio. Nikianza nipo, nikifika katikati najikuta nimepanda kwenye ya kwanza bila kujua, kama mtu anayerudi nyumbani kwa mazoea wakati alikuwa anakwenda dukani. Mzee ananyoosha kidole juu. Naanza tena. Napanda tena.

"Si wewe peke yako," alinifariji. "Hakuna anayeisikia ya pili mpaka ikosekane."

Halafu kuna habari ya klabu. Vijana wa Kiswidi wanaopiga jazi, wale waliosomea chuoni, walimkuta akipiga kwenye sherehe ya mtaa wakampenda. Wakamwalika klabuni kwao, kule Södermalm, katikati ya jiji. Nilikwenda naye, kwa sababu nilijua itatokea kitu. Jazi ya kule ina desturi yake: kila mmoja anapewa zamu apige peke yake, aonyeshe alicho nacho, na anayempa zamu anamtikisia kichwa. Desturi hiyo Mzee hakuijua. Kwenye dansi la kwao wa pili hapewi zamu, anapewa kiti. Basi mpiga piano akamtazama, akatikisa kichwa. Mzee naye akatikisa kichwa, kwa adabu. Yule akatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Mzee akaweka mkono kifuani, akainama. Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Alidhani anasalimiwa!

Ikabidi wamwachie. Mzee akafanya anachokijua: nota tatu, kimya. Nne, kimya. Akiacha nafasi kubwa za mwenzake wa Dodoma, akisubiri, akijibu. Ukumbi mzima ukatulia. Alipomaliza, makofi yalikuwa ya kusimama. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa akanishika mkono akaniambia hajawahi kumsikia mtu mwenye ujasiri wa kuacha vitu nje namna ile.

Kwenye treni Mzee hakuwa na raha hata kidogo. "Wamepigia makofi mapengo," alisema. "Wamenisifu kwa kazi ya mtu ambaye hakuwepo."

"Si ufurahi tu, Mzee? Wamekupenda."

"Hawakunisikia."

Alipoalikwa tena alikwenda, na tai mpya. Mgema akisifiwa, na yeye alikuwa mtu kama watu wengine. Lakini neno lile, hawakunisikia, lilikuwa neno lake hasa, na sikulielewa mpaka nilipomkuta siku moja akisikiliza redio.

Kuna kipindi cha nyimbo za zamani tunachokipata kwa simu siku za Jumamosi. Ule wimbo ukapigwa. Mtangazaji akausifu, akamtaja mpiga saksafoni kwa majina yake mawili na lakabu, akasema hatatokea mwingine. Alimtaja wa kwanza, bila shaka. Jikoni kwake tulikuwa Mkongo, mimi na Mzee, na sisi wawili tukamtazama Mzee. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Kupuliza alijua," akasema. "Sikatai. Lakini masikio hakuwa nayo. Tumekaa bega kwa bega miaka yote ile, hakuwahi kunisikia. Alikuwa anajisikia mwenyewe."

"Wewe umejuaje?" Mkongo akamchokoza. "Labda alisikia, akanyamaza."

"Najua. Ngoja nikwambie." Akaweka kijiko chini. "Siku bendi inarudi nyumbani, tuko uwanja wa ndege, mizigo imeshapimwa. Mimi nilishaamua kubaki. Kulikuwa na mwanamke." Mwanamke huyo tulimjua, ndiye aliyekuwa mkewe na mpaka leo, ingawa wameachana zamani, humpikia samaki kila Jumapili. "Nikamwambia mwenzangu, nishikie koti, nakwenda kununua sigara. Akasema haya. Nikaenda moja kwa moja."

"Na koti?"

"Liko Dodoma."

Mkongo akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nikawaza kidogo. "Lakini Mzee, wewe huvuti sigara. Hujawahi."

"Ehe!" Akapiga meza. "Sasa umeelewa. Mtu unakaa naye jukwaani, unalala naye chumba kimoja, unakula naye sahani moja, na hajui kama unavuta au huvuti. Huyo ananisikia nota?"

Tangu uwanja wa ndege hawakuwahi kusemezana. Mwanzoni simu zilikuwa ghali, halafu zikawa rahisi, na ikawa vibaya zaidi, maana sasa hakuna kisingizio. Mzee alisema hana la kumwambia. Nilikuwa na mashaka na hilo, lakini si kila shaka la kulitoa mbele ya mtu mzima.

Mwaka huu meno yakamkataa. Meno ya mbele, ya juu. Asiyejua atasema meno ni ya nyama tu, kumbe mpuliza saksafoni anaegemeza chombo kizima kwenye meno hayo. Yakilegea, sauti inalegea. Mkewe wa zamani akampeleka kwa daktari wa meno, daktari akatazama, akapiga picha, akasema hayaokoleki. Yang'olewe, awekewe ya bandia. Mzee akauliza kama ya bandia yanapuliza. Daktari, kijana mstaarabu, akasema wapo wanaojifunza upya, ila kwa umri huu asimdanganye.

Haya yote alinisimulia kituoni, tukisubiri treni, kwa sauti ile ile ambayo angenieleza kwamba basi limebadilisha njia. Siku imeshapangwa, Jumanne. Nikamwambia pole. Nikamwambia amepiga vya kutosha, apumzike sasa, ale samaki wake.

"Kupumzika si neno," akasema. "Neno ni kwamba ya pili inakwisha."

"Si iko kwenye rekodi?"

"Hukuisikia kwenye rekodi, binti. Na masikio yako ni mazuri. Kwa nini hukuisikia?" Akanieleza. Walirekodi wote chumba kimoja, kipaza sauti kimoja. Wa kwanza alisimamishwa mbele. Yeye alisimamishwa nyuma, karibu na ngoma. "Mimi kwenye rekodi ni kivuli. Ukijua nilipo utanisikia. Nani anajua nilipo?"

Treni ikaja tukapanda, na kwa mara ya kwanza nikamwona yuko safarini bila kijiti mdomoni.

Kesho yake nikamwita Mkongo. Tukaamua tumrekodi Mzee kabla ya Jumanne, jambo ambalo tungelifanya zamani kama tusingekuwa na akili za wanamuziki. Ijumaa mchana akaja jikoni kwangu na mkoba wake. Simu ikawekwa juu ya kopo la sukari, Mkongo akapiga gitaa taratibu, Mzee akapiga wimbo mzima, ya pili yote, mwanzo hadi mwisho. Meno yalimuuma, lilionekana hilo. Tukarudisha, tukasikiliza.

Jamani. Umewahi kukaa kwenye treni karibu na mtu anayeongea na simu, ukamsikia yeye tu? "Ndiyo. Aa. Kesho. Haiwezekani." Ndivyo ilivyokuwa.

"Umeona?" Mzee akasema. "Hii bila ile ni fundi anagonga bomba."

"Nitaimba mimi ya kwanza," nikasema. "Upige tena, niimbe."

Tukajaribu. Niliimba kwa moyo wangu wote, na sikukosea hata mahali pamoja. Katikati akaacha kupuliza, akanyanyua mkono. "Unaimba vizuri sana, mwanangu. Lakini unaimba kama rekodi. Rekodi ilikuwa na haraka, santuri ilikuwa fupi. Ukumbini hakupiga hivyo. Ukumbini aliachia, akasubiri, mimi nikaingia, ndipo akaendelea. Hunipi mahali pa kuingia."

"Nionyeshe basi aliachia wapi."

"Siwezi kukuonyesha. Inabidi aachie yeye."

Kwa hiyo mambo yakawa wazi hata kwangu mimi. Dunia nzima alikuwepo mtu mmoja anayejua majibu ya Mzee yanakaa wapi, naye ndiye mtu ambaye Mzee hazungumzi naye. Mkongo akainama kwenye simu yake. Mkongo ana watu kila mahali, ukimwambia umepoteza soksi atakutafutia binamu wa soksi. Kabla ya magharibi alikuwa na namba ya Dodoma, ya mjukuu wa yule wa kwanza.

Mzee akakataa. Kwanza alisema amechoka. Halafu akasema huko ni saa za kula. Halafu akawa anazungusha kikombe.

"Unaogopa," nikamwambia.

"Atanitukana."

"Acha atukane! Mzee, kwa heshima zote, unamwogopa mtu aliye Dodoma, na huogopi Jumanne?"

Niliona nimevuka mpaka. Mtu mzima hasemeshwi hivyo, hata na sisi wa Nakuru. Lakini hakukasirika. Akavaa koti lake, akafunga saksafoni kwenye kitenge, akasema, "Kesho, basi. Baada ya chakula cha mchana." Akaenda zake.

Meno yalitoka ile Jumanne. Nalisema sasa ili msikae mkilisubiri. Kilichobaki ni hiyo Jumamosi.

Alikuja na tai, viatu vinang'aa, kijiti mdomoni. Ametembea kutoka jengo la pili tu, lakini alikilowesha njia nzima. Nilikuwa nimewafukuza watoto wote jikoni. Mkongo akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapiga. Ikaita, ikaita. Akatokea kijana, akatusalimia sote, akaibeba simu chumba hadi chumba, tukaona ukuta, pazia, feni. Kisha akatokea mzee mwembamba amevaa fulana, amekaa kwenye kochi, anakodoa macho kwenye kioo.

"Halo," akasema Mzee wetu.

"Halo. Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mzee akatoa kijiti mdomoni. "Wa pili."

Uso wa yule ukaganda kwenye kioo. Nilidhani mtandao umekata. Mkongo akanyoosha mkono aguse simu, nikamzuia. Yule mzee wa Dodoma akasogeza uso karibu kabisa, mpaka tukawa tunaona jicho na nusu ya pua.

"Umezipata sigara?" akauliza.

Mkongo aliangua kicheko, akatoka nje ya jikoni kabisa, tukamsikia akicheka kwenye korido. Mzee wetu hakucheka.

"Sikuwa naenda kununua sigara," akasema.

"Nilijua. Wewe ulivuta lini? Nikasema, huyu anaondoka. Kiongozi akataka watu wakakutafute, nikamwambia mwache, kaenda kununua sigara, atarudi. Nikashika koti mpaka ndege ikaita."

"Ulijua?"

"Tumelala chumba kimoja miaka yote ile, nisijue?"

Mzee alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, kama mtu anayeuliza kama na mimi nimesikia. Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka na wala sikuyaficha.

Wakaulizana hali, wakahesabiana marehemu wa bendi, mmoja mmoja, wakisema "Mungu amrehemu" kila mara, yule wa Dodoma mbele, huyu wetu akifuata. Kisha Mzee akamweleza habari ya meno. Wa kwanza akafungua kinywa mbele ya simu, akatuonyesha fizi. Hakuwa na jino hata moja.

"Mimi nilishamaliza," akasema. "Chombo kimekaa juu ya kabati. Chako unacho hapo?"

"Ninacho."

"Basi piga. Piga ya kwanza."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye anakwambia?"

Mzee akasita. "Na ya pili nani atapiga?"

"Nitaiimba mimi."

"Wewe?" Na hapo ule uchungu wa zamani ukatoka wote kwa neno moja. "Wewe ya pili umeijulia wapi?"

Wa kwanza akakaa vizuri kwenye kochi. "Sikiliza, bwana. Uliponiachia koti, tulirudi nyumbani tukatafuta mtu. Ya kwanza, vijana walipanga foleni. Ya pili, tulimjaribu huyu, tukamjaribu yule, hakuna. Dansi likawa halikai. Kwa hiyo ya kwanza nikampa kijana. Mimi nikahamia kwenye kiti chako." Akapangusa mdomo. "Nimekikalia mpaka meno yakaisha. Unisamehe. Najua ulikuwa hupendi mtu akae kwenye kiti cha mtu."

Mzee wetu aliinama akafungua kitenge, akafunga ulimi kwenye chombo, akaikaza skurubu polepole. Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni kwangu, akasogea mbele kidogo kuliko anavyokaa siku zote, akapuliza.

Ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa ule wimbo wenyewe, unaojulikana na kila mtu, ukitoka kwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia akiupiga. Meno yalikuwa yanacheza na sauti ilikuwa na mikwaruzo. Akapiga mstari wa mwanzo, akafika mahali ambapo kwenye rekodi hakuna nafasi, akaachia. Akasubiri. Jikoni kukawa kimya, simu ikawa kimya, mtandao ule unavyochelewa. Halafu kutoka Dodoma, kwa sauti ya mzee asiye na meno, likaja jibu: nota tatu. Akapiga tena, akaachia. Zikaja nne, pamoja na kile kikunjo cha sauti cha mwishoni ambacho mimi sikukiweza hata siku moja.

Ilikuwa zamu ya Mzee kuendelea. Hakuendelea. Saksafoni ilikuwa imeshuka mapajani na yeye alikuwa ameinamia simu, sikio likiwa karibu kuigusa.

"We bwana!" wa kwanza akapaza sauti. "Mbona kimya? Umeniacha tena?"

"Nipo," akasema Mzee. "Nakusikiliza."